Mama mdogo na ngege aliyekuwa analea

Jumamosi nilikuwa Katonga, hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, namsaidia mama mdogo kuparua samaki, yani kusaidia kwenyewe ni kukaa pembeni na kisu nikipiga stori, mara akamshika ngege mmoja akambinya mashavu, vikamwagika vitoto kwenye beseni, vidogo kama punje za mchele halafu macho yamezidi mwili. Vingine bado vinachezacheza. Mimi nikashtuka. Yeye wala, akasema tu "huyu alikuwa analea", akabeba beseni akaenda kumwaga vile vitoto ziwani, akarudi kukaa. Nikamuuliza kwani mnajua kama ngege anafugia watoto mdomoni? Akaniangalia kama nimemuuliza kuku anataga wapi.

Sasa hilo ndo limenifanya niandike. Mwaka juzi nilienda semina moja hapa mjini ya mambo ya mazingira, sitaitaja ya nani, tukapewa tisheti na soda na mwezeshaji akasema "bayoanuwai" (yani viumbe wa kila aina) nadhani mara mia, wavuvi wa watu wamekaa nyuma wanasinzia maana usiku wametoka kuvua. Kutwa nzima hamna aliyewauliza hata swali moja. Watu wanaolala ziwani miaka thelathini!

Na ziwa lenyewe siyo la mchezo jamani. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, tunaigawana nchi nne, sisi na Kongo na Burundi na Zambia, na ina jamii zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa ngege peke yake, wengi wao hawapatikani popote duniani zaidi ya humu. Ukimaliza hapa umemaliza, hamna pa kwenda kuchukua mbegu.

Mzee mmoja jirani yetu aliniambia habari za kuhe, samaki mwingine wa humu ziwani, nikabaki mdomo wazi. Kuhe wanalea wawili, dume na jike, wanazunguka na kundi la watoto wao wakiwalinda, sasa ukiwanasa wazazi wale watoto hawamalizi siku, wanaliwa wote. Anajua sehemu wanakozalia, kwenye mchanga, anajua na miezi. Nikamwambia mzee si uwaambie wenzio wasitupe nyavu pale, akacheka, "nani ataniuliza mimi?" Iliniuma kidogo ile.

Ndo maana zile miezi mitatu ziwa lilipofungwa 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kelele zilikuwa nyingi. Siyo kwamba watu hawataki samaki wazaliane, ila wewe unasomesha watoto kwa dagaa halafu unakuta jambo limeshaamuliwa, hata kama ni zuri lazima utanuna. Mimi nilikuwa upande wa kufunga na bado nipo, ila kwa mama mdogo nilinyamaza maana nilikuwa nakula kwake.

Kwa upande wa Gombe, kwenye ile hifadhi ya sokwe, angalau huko walijifunza mapema. Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 kwa kwenda vijijini kuwauliza watu wanataka nini, na majibu yalikuwa maji, shule, afya, sokwe hawakuwa juu kwenye orodha. Wakaanzia hapohapo. Leo vijiji vina misitu yao ya hifadhi na walinzi waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, wanatembea na simu wanarekodi mti uliokatwa, mtego, alama za sokwe. Kijana wa kijijini na simu yake, siyo profesa.

Basi na sisi tumeanza kitu kidogo tu, grupu la WhatsApp, tupo kumi na saba. Ukipata samaki usiyemzoea au aliye na mayai unapiga picha, unasema umemtoa wapi na unamwita nani. Sheria ni mbili, hakuna siasa na hakuna kuuza viwanja (hii ya pili imeshavunjwa). Yule mzee hajui kuandika kwa simu kwa hiyo anatuma voisi, ndefu hizo, na upepo wa ziwa unavuma ndani yake, lakini ndo zinasikilizwa kuliko zote.

Jana mama mdogo katuma picha ya kasamaki kana mistari ya njano, kakaita jina, wa Kibirizi wakabisha, wa Ujiji wakaja na jina la tatu, mpaka saa tano usiku hawajaelewana. Tunamsubiri mzee, yuko ziwani, na mwezi bado giza.