Nilivyoipima protini nyekundu ya mwani bila kuichemsha

Kila niliyemuuliza namna ya kuipima protini hii aliniambia yale yale: kausha mwani juani, saga, chemsha, kisha soma kwa spektrofotomita (mashine inayopima mwanga unaofyonzwa) kwenye nanomita 280. Kukausha na kuchemsha ni kwa anayetaka karajini, ule utomvu wa mwani unaogandisha. Fikoerithirini, protini inayoupa mwani wekundu wake, haihimili mwendo huo. Na hiyo 280 haisemi kitu kwenye mchuzi mchafu, maana karibu kila protini hufyonza mwanga hapo, na fenoli, kemikali nyingine za mwani, nazo zimo.

Nimetumia cottonii, mwani wa kulimwa, wa Paje, Zanzibar, ule wa kahawia-nyekundu, uliokatwa maji yakipwa ukawekwa kwenye sanduku la barafu. Ule wa kijani una fikoerithirini kidogo, na uliopauka usijisumbue nao. Suuza mchanga upesi. Gramu 1 ya mwani mbichi inataka mililita 10 za bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yanayoshikilia pH isibadilike), 0.1 M, pH 6.8. Ponda kwenye kinu cha baridi, gandisha na yeyusha mara tatu gizani, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa 10,000 g (mara 10,000 ya mvutano wa dunia), nyuzi 4, dakika 20. Maji ya juu ndiyo mchuzi wa kusoma.

Bafa iwe ya potasiamu. Karajini ya cottonii ikiwa na sodiamu huyeyuka hata kwenye baridi na mchuzi unakuwa kama uji wa kuvutika. Ikiwa na potasiamu huvimba tu, ikabaki kwenye mashapo. Jambo hili peke yake limeniokolea sampuli nyingi, na hakuna aliyenitajia.

Kuveti, vile vichupa vya kusomea, za plastiki zatosha, kwa sababu tunasoma mwanga unaoonekana. Ya kwazi, iliyo ghali, ni kwa ajili ya 280 tu.

Sasa unyevu wetu wa pwani. Mchuzi uliotoka kwenye barafu huitia kuveti ukungu kwa nje, na namba zinapanda kwenye kila urefu wa wimbi. Acha ipate joto la chumba, ifute, na bafa tupu ifanyiwe vivyo hivyo.

Vilele vitatu vya ufyonzaji vitokee: nanomita 498, 545 hivi na 565. Kupata kiasi, toa A592 (A ni ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita iliyotajwa) kwenye A564, kisha kwenye A455. Jibu la pili zidisha kwa 0.20, litoe kwenye la kwanza, halafu zidisha kwa 0.12: hizo ni miligramu kwa mililita. A455 na A592 zipo ili kuondoa uchafu unaotawanya mwanga. A yoyote ikipita 1.0, zimua mchuzi.

Utamu wenyewe uko kwenye joto. Gawa mchuzi kwenye mirija, pasha dakika 5 kwa nyuzi 40, 50, 60 na 70, poza, soma. Kilele cha 565 kikianguka, protini imekunjuka: bilini zake (sehemu zenye rangi), zilizokuwa zimeshikwa zimenyooka, zinajikunja na rangi inapotea. Huna fluorimita, mashine ya kupima mng'ao? Piga leza ya kijani ya 532 kwenye mchuzi uliozimuliwa, utazame kwa ubavuni, usiangalie leza yenyewe. Protini nzima hung'aa rangi ya chungwa, iliyokunjuka haing'ai. Ukishaona ni kati ya mirija ipi mng'ao umekatika, rudia hapo kwa hatua za nyuzi 2.