Bado hujaniona?

Arusi ya dada imepita salama, kodi ya studio nimelipa nusu, umeme ulikatika siku mbili. Kilichobaki kichwani ni sauti ya yule mzee wa Jumanne.

Alikuja na kanzu iliyonyooshwa vizuri na kofia ya viua, akakaa kwenye kile kiti changu cha siku zote. Nikaanza: geuka kidogo, babu, inua kidevu. Nafyatua, nasogeza taa, nafyatua tena. Nilifika picha 40 hivi. Hakuudhika. Alinitazama, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, bado hujaniona?"

Nikamwambia tunatafuta iliyo bora. Akajibu, "Haya."

Hakusema bado hujamaliza. Alisema bado hujaniona. Naosha vyombo, nalisikia. Nimo kwenye daladala, nalisikia. Hata bibi arusi alipotolewa nje, nilikuwa nalisikia hilo hilo.

Na mimi ndiye niliyewaandikia mara ngapi habari za Seydou Keïta, yule mpiga picha wa Mali! Alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akatundika shuka la kitandani mwake likawa pazia, akapiga kwa mwanga wa jua. Filamu ilikuwa ghali, basi mtu alipigwa picha moja tu. Kazi yote ilifanyika kabla: akupange mkono, bega, akugeuze uso upande, ndipo apige. Nilisifu mwanga na yale maua ya shuka. Hilo la kumtazama mtu kwanza nililipita. Na ukumbini kwetu ipo picha ya bibi, aliyopigwa kwa Ranchhod Oza, Capital Art Studio, iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930. Bibi anatazama kama mtu aliyesubiriwa.

Jana alasiri nilizima taa, nikafungua mlango wa uani, nikamkalisha mama. Kamera sikuishika. Tukazungumza bei ya pweza, tukazungumza arusi, mpaka nikaona anavyouficha mkono wa kushoto ndani ya kanga akiwaza. Miaka 34 naishi naye, sikuwahi kuuona mkono ule. Nikapiga moja, nikaweka kamera chini. Sijawahi kumpiga mama picha nzuri kama hii. Nimeitazama mpaka usiku, moyo umejaa.

Yule mzee nitamwomba arudi, bila malipo.

Mdogo wangu aliyeko Muscat hapokei simu tangu Ijumaa. Ujumbe wangu bado una tiki moja.