Ua lililokaushwa Kadutu

Wiki iliyopita nilikuwa nakula sombe, binti yangu akaniletea simu yake mpaka mezani. Yuko mwaka wa tano sekondari, sehemu ya biokemia, kila kitu cha mimea kinamwasha. Alikuwa amesoma habari za mti wa milima ya Udzungwa kule Tanzania, Tessmannia princeps, ambao unafika urefu wa mita 40. Wataalamu waliukuta mwaka 2019, ukatangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2025. Alichofurahia zaidi ni kuona kwamba kati ya walioutangaza, pamoja na Andrea Bianchi, wamo Watanzania, Aloyce na Ruben Mwakisoma, watu waliozoea kuitembelea misitu ile kwa miguu. Akaniuliza: "Papa, na huku kwetu? Kahuzi hakuna kitu kipya?"

Nikamwambia kipo, ndani ya hifadhi yetu ya Kahuzi-Biega. Nikamwambia koko yake, marehemu mama yangu, alikishika kwa mikono yake usiku kucha, jikoni kwetu Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Hakuamini. Sombe ikapoa nikimsimulia, na kwa kuwa nimeshaanza, acha niandike na hapa.

Ni mwaka 2009. Profesa, mtaalamu wa mimea niliyemfuata milimani, mnamjua, nimemwandika sana. Wakati ule alikuwa amerudi Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, kutafuta Impatiens, jenasi (yaani ukoo mdogo wa mimea) yenye spishi zaidi ya 1,000 duniani, na milima hii yetu ya Bonde la Ufa la Albertine ina zile ambazo huzikuti pengine popote. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kubeba mizigo na kuandika daftari. Tulipanda kutoka Tshivanga, lango la hifadhi, na kibali cha ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, mbele yetu akiwa muzee pistere, mwonyesha njia, Mutwa aliyezaliwa ndani ya msitu huo huo kabla haujafanywa hifadhi mwaka 1970. Watu wake walitolewa humo, na yeye akarudi akiwa mfanyakazi wa kuonyesha wageni njia. Hakupenda kulizungumzia jambo hilo, nasi hatukumlazimisha.

Juu ya mita 2,300 msitu unageuka mianzi. Tulipita mianzi, tukateremka bonde ambalo mpaka leo naweza kulichora nikiwa nimefumba macho, na mahali maji yanapokatiza miamba muzee akasimama. Akanyoosha panga. Akasema ua lile halioti penye maji mengine yoyote, hapo tu, na kwamba hata baba yake alimwambia hivyo. Profesa alipiga magoti ndani ya maji na viatu vyake na kila kitu.

Ua lilikuwa jeupe, lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na ndani ya koo lake mistari ya zambarau, myembamba mno. Nyuma lina kifuko, na kifuko kinaishia kwenye mkia uliojikunja kama ndoana. Profesa alichukua matawi machache tu na akakataza tusing'oe hata mzizi mmoja. Mimea yote mahali pale ingeenea kwenye meza ya kulia.

Mvua ilitukuta tukishuka. Tulipofika kijiji cha Miti, barabara ya kwenda Lwiro ilikuwa imekatika, lori limelala kwenye tope, watu wamepanga mstari kando wanangoja. Profesa alikuwa na ndege Kigali kesho yake, ilibidi asubuhi avuke mpaka wa Ruzizi. Tukateremka Bukavu na mimea yetu ikiwa mibichi, imebanwa kati ya magazeti na makartoni kwenye presi ya mbao ya kukaushia mimea, mgongoni mwangu.

Sasa, kwa asiyejua: Impatiens ni mmea mgumu kuuhifadhi. Shina lake limejaa maji. Ukiubana kwenye magazeti ukaenda kulala, unaamka majani yamepukutika na ua limekuwa ute wa kahawia usioonyesha kitu. Tena katika jenasi hii ua ndilo linalotofautisha spishi na spishi. Ukilipoteza ua, umebaki na jani la kijani ambalo hata mtaalamu hawezi kulitolea ushahidi. Kwa hiyo inatakiwa joto, tena la polepole, magazeti yabadilishwe kila mara, na maua kadhaa yafunguliwe yangali mabichi, petali moja moja, zikaushwe peke yake. Profesa aliniambia hayo yote akiwa amesimama mlangoni, pikipiki inamngoja impeleke kulala kwa mapadri. Mkono wake ulikuwa bado juu ya presi. Akasema: "Usilale."

Umeme hakuna. Nikawasha mbabula, jiko letu la makaa, nikaizungushia matofali, nikaegesha presi juu ya matofali na kuifunika kitenge pande zote ili joto lipande katikati ya makartoni. Mama akatoka chumbani na taa ya petroli.

"Weye mutoto, utatuunguzia nyumba juu ya majani?"

Nikamweleza. Sikujua kama ananielewa, maana nilikuwa nimechoka na maneno yalinitoka hovyo, Kifaransa na Kiswahili vikipishana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia kopo nililobebea maua mabichi, akaangalia mikono yangu. Kisha akaingia ndani akarudi na kibweta chake cha ushonaji. Mama alikuwa fundi wa nguo sokoni Kadutu, wengi wenu mmevaa kazi yake. Akasema: "Mikono yako ni ya kubeba viazi. Leta hapa."

Alikaa kwenye kigoda, taa karibu na goti, karatasi ya daftari la mdogo wangu imewekwa juu ya ubao wa kukatia nyama. Akachukua ua la kwanza kwa pini mbili. Alianza na mkia. Pini ilipopita, likatoka tone dogo linalong'aa, likakaa juu ya ukucha wake. Akaliangalia, akalilamba. "Ni tamu," akasema. Nikamwambia huo ndio mshahara wa wadudu na ndege wanaobeba poleni, yaani chavua. Akatikisa kichwa, akaendelea.

Akafika kwenye petali. Katika Impatiens petali za pembeni zimeungana mbili mbili, kila upande jozi moja, na ile ya juu inasimama peke yake, mgongoni ina mstari wa kijani. Mama hakuwa amefundishwa hilo na mtu. Alizitandaza kwa ncha ya pini, akapitisha kidole hewani juu yake bila kugusa, akaniita nione. "Hizi zilikuwa mbili, zikakuwa moja. Na hakuna mshono." Alirudia jambo hilo na ua la pili, na la tatu, akihakikisha. Akagundua pia kofia ndogo ya poleni iliyofunika ncha ya katikati. Kwenye ua changa bado imeshika, kwenye ua lililokomaa imedondoka na ncha iko wazi. Aliviweka vyote viwili sambamba kwenye karatasi, kile kichanga kushoto, kile kikubwa kulia, kwa nafasi zilizo sawa kabisa, halafu akafunika kwa karatasi nyingine na kuweka juu pasi yake ya makala (makaa), baridi, iwe uzito.

Ua moja lilitakiwa kubaki zima ndani ya spiriti. Spiriti hatukuwa nayo. Mama, ambaye hakuruhusu pombe ipite kizingiti cha nyumba yake tangu alipobatizwa, alijifunga kitenge, akaenda mwenyewe kumgongea jirani saa tano za usiku, akarudi na kanyanga ndani ya kichupa cha dawa. Akaniambia nisimwulize kitu.

Katikati ya usiku moto ulianza kushuka. Nikafungua gunia la makala ya kupikia alilonunua siku ile. Mama akachukua kipande kimoja ambacho hakikuungua vizuri, ganda la mti bado limeshika upande mmoja, na juu ya ganda kuna kuvu kavu la msituni, lile la kijivu tuliloliona asubuhi kila mahali. Akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hii inatokaka kule kule mulitoka."

Sikuwa na jibu. Kila mtu anajua. Bukavu nzima inapika kwa makala, na wamama wa Miti na Kavumu wanaoteremka na magunia mgongoni wana watoto wa kulisha na ada za shule za kulipa. Sikumwambia hayo, aliyajua kunishinda, alikuwa anakunywa chai na baadhi yao. Aliniuliza kama mti huo ulikuwa juu ya maji yale au chini yake. Nikasema siwezi kujua. Basi akakitia mbabulani, kwa sababu presi ilikuwa inapoa na magazeti ya ndani bado yalikuwa na unyevu.

Tulibadilisha magazeti mpaka adhana ya kwanza. Yaliyobaki yalikwenda haraka. Profesa alikuja kabla jua halijapanda, akafungua karatasi ya petali, akatoa lenzi yake. Mistari ya zambarau ilikuwa bado ipo, yote. Akauliza nani alifanya kazi hii. Nikamwonyesha. Akamsalimu Mama kwa mikono miwili, akamuuliza majina yake, akayaandika kwenye daftari lake, akakimbilia mpaka.

Sampuli moja ilibaki huku Kivu, nyingine ilikwenda Ulaya. Kwenye lebo imeandikwa Impatiens sp., mlima, mwinuko, tarehe, na majina ya waliokusanya, la muzee pistere likiwa la pili baada ya la Profesa. Baadaye aliniandikia kwamba ameilinganisha na zote zinazojulikana za ukanda wetu na haifanani na hata moja. Lakini hakukuwa na tunda lililokomaa, na hakutaka kutangaza spishi kwa mkusanyo mmoja tu wakati angeweza kurudi. Hakurudi. Vita, kisha ugonjwa, kisha akastaafu. Ua letu limebaki ndani ya bahasha, halina jina.

Siyo peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba takriban nusu ya mimea ambayo bado haijapewa jina imeshakusanywa zamani, imelala kwenye makabati ya hebaria, nyumba za kuhifadhia mimea iliyokaushwa, na kwamba karibu robo ya spishi mpya hutangazwa kutokana na sampuli zenye umri wa zaidi ya miaka 50. Bustani ya mimea ya Kew, London, ilisema mwaka 2023 kwamba katika kila mimea minne isiyo na jina, mitatu huenda iko hatarini kutoweka. Na usipokuwa na jina, kwa kawaida huwezi kuingizwa kwenye orodha nyekundu ya IUCN, ile ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini. Kisheria haupo, hata kama umeota mbele ya macho ya watu karne nzima.

Binti yangu, aliposikia hayo, alisema basi dawa ni kulipatia ua jina upesi. Ningependa iwe hivyo. Ila kuna mti wa Kameruni, Vepris bali, wa msitu wa mlimani wa Bali Ngemba. Ulikusanywa mwaka 1951, ukapewa jina mwaka 2018, na waliouandika ilibidi waongeze kwamba huenda umeshatoweka. Jina lilifika, mti haukuwepo. Ninapofikiria bonde letu sijui kama jina lingezuia hata gunia moja. Pengine lingezuia. Pengine mtu mmoja mwenye mamlaka angeliona kwenye orodha akaamua doria ipite upande ule. Ninachojua kwa hakika ni kwamba tulihitaji moto usiku ule, na moto mwingine hatukuwa nao, na mpaka leo familia nyingi za Kadutu hazina mwingine. Msitu hautapona kwa kupewa majina ya Kilatini wakati jiko la mjini linabaki lile lile. Wala sitaki jambo hilo litumike kuwalaumu wamama wa magunia.

Njia ya huko siku hizi si ya kupita tu, hilo mnalijua tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka Bukavu. Hata hivyo mwezi uliopita kijana mmoja anayesomea mimea aliniandikia, ameiona sampuli yetu, anataka kujua bonde liko wapi. Nilisita siku kadhaa. Muzee hayupo tena wa kuombwa ruhusa, na mahali padogo vile mtu mmoja asiye na adabu anaweza kupamaliza kwa mchana mmoja. Nimeuliza habari za kijana huyo kwa watu ninaowaamini, wamemsemea vizuri.

Nimemchorea ramani. Nimemwandikia kwamba asiende kabla usalama haujatulia, kwamba amtafute mtoto wa muzee, bado yuko kule, atangulie mbele. Tunda alichume likiwa limevimba lakini bado la kijani, alifunge kwenye kifuko kabla hajalikata, kwa maana likiguswa limeiva linapasuka na mbegu zote zinaruka majini. Asing'oe mzizi. Na abebe spiriti ya kutosha, lenzi, na pini mbili nzuri za ushonaji.