Rangi zangu nilizipata kwenye sanduku la leso

Harusi ya binamu yangu, sare iliyochaguliwa ilikuwa rangi ya haradali. Kitambaa kizuri, fundi hodari, mtandio wa rangi ile ile. Picha zilipokuja nikajiona kama mtu aliyeinuka jana kutoka kitandani kwa malaria. Wenzangu wameng'aa, mimi uso umelala na weusi wa chini ya macho umekoza. Shangazi akanifariji, ati ni kamera.

Haikuwa kamera. Nilisoma habari za kuwapanga watu kwa misimu kulingana na rangi zinazowakaa, jambo lililovuma Marekani miaka ya 1980. Mbegu yake ni ya zamani zaidi: Johannes Itten, mchoraji aliyefundisha shule ya sanaa ya Bauhaus huko Ujerumani, alitambua kuwa wanafunzi wake huelekea kupenda rangi zinazofanana na sura zao. Misimu yenyewe ni ya Ulaya, minne. Sisi twajua kaskazi na kusi, masika na vuli, kwa hivyo majina hayakunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni maswali mawili yaliyo nyuma yake: chini ya ngozi yako kuna umanjano au ubuluu? Na uso wako wataka rangi kali au iliyopoa? Wenye umanjano ni msimu wa kuchipua, wa rangi nyepesi zenye uhai, na wa kupukutika majani, wa rangi za udongo na viungo. Wenye ubuluu ni kiangazi, wa rangi zilizofifia kidogo, na baridi, wa rangi nzito zinazokata.

Nilianza vibaya. Saa mbili usiku, chini ya balbu ya manjano, na simu mkononi. Programu ikaniambia mimi ni wa kupukutika. Yaani haradali! Nikajaribu kutazama mishipa ya mkononi kama ni kijani au buluu. Kwa ngozi yangu ya maji ya kunde iliyokolea, na piko ya harusi bado iko, sikuona mshipa wowote.

Bibi ndiye aliyenitoa. Ana sanduku la leso, yaani kanga, za tangu ujana wake, nyingi za Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso Mombasa. Saa tatu asubuhi nikanawa uso, bila wanja wala poda, nikafunga nywele kwa kitambaa cheupe, nikakaa barazani kivulini. Ukuta wetu ni wa kijani, na ule ukijani ukanirukia shavuni, ikabidi tuhamie upande wa pili penye ukuta mweupe. Leso zina maua mengi, basi tulichagua zile ambazo mji wake, yaani sehemu ya katikati, una rangi moja kubwa, tukakunja pindo ndani, na kuziweka chini ya kidevu moja moja. Bibi hakutazama leso, alitazama uso.

“Hiyo yakuzima,” kwa ya rangi ya chungwa. Krimu, yakuzima. Ya damu ya mzee akanyamaza kidogo, kisha, “Hapo sasa.” Nyeupe pe, hapo. Buluu iliyoiva, hapo. Zambarau, hapo hapo. Tulipobadilisha krimu kwa nyeupe niliona mwenyewe kwenye kioo: weusi wa chini ya macho ulipungua na ukingo wa taya ukajitokeza. Mimi ni wa baridi, mzaliwa wa Mombasa, asiyewahi kugusa theluji!

Kuna wanaodai kila mwenye ngozi nyeusi ni wa baridi. Uongo. Dadangu ni mweusi kunishinda, na ile ya chungwa ilimuwasha kama taa.

Kwa sisi tunaojitanda, jambo zito ni mtandio, kwani ndio unaouzunguka uso. Gauni hata likiwa la rangi isiyonikaa, halinidhuru sana. Kwa hivyo sikutupa nguo, nilibadilisha mitandio tu, na sasa nikienda sokoni Kongowea huichukua nje ya kibanda kwanza, maana turubai la buluu hudanganya macho.

Sare ya haradali nilimpa dadangu. Imemkaa hasa, na kila akiivaa hupita mbele yangu mara mbili.