Fibroidi ilisingiziwa, mkosaji alikuwa polipu

Nilikuwa natokwa na damu ya hedhi ya mabonge hadi nikapungukiwa damu. Kila niliyemweleza alikuwa na mizizi yake ya kunichemshia. Niliwajibu wote kwamba sitibu kitu nisichokijua. Kilichoniudhi zaidi ni ushauri wa daktari aliyesoma majibu yangu ya kwanza ya ultrasaundi: una fibroidi, umeshazaa, toa kizazi.

Majibu yenyewe yalikuwa mstari mmoja: uvimbe wa sentimita 4 kwenye kizazi. Nikamuuliza, uko sehemu gani? Umeota kwa nje, umo ndani ya ukuta, au umeingia kwenye uwazi wa kizazi? Hakuwa na jibu, na hilo ndilo swali lenyewe. Fibroidi iliyoota kwa nje inaweza kuwa kubwa na isiongeze hedhi, wakati ndogo iliyochomoza ndani inakumaliza damu.

Kipimo hicho kilipigwa juu ya tumbo, kibofu kimejaa maji. Kibofu kikijaa husukuma utumbo kando, kizazi kikaonekana. Sawa. Ila hakuna aliyeniuliza hedhi yangu ya mwisho ilikuwa lini, nami nilikuwa nakaribia kuingia nyingine. Wakati huo utando wa ndani ya kizazi huwa mnene, unaweza kupita milimita 10, na kinyama kidogo kikiwa humo hakionekani. Dada, panga kipimo siku chache baada ya damu kukatika, utando ukiwa bado mwembamba.

Nikatafuta daktari mwingine. Huyu alipima kwa njia ya uke, safari hii kibofu kitupu, kwa kifaa chembamba kilichovishwa kondomu na kupakwa jeli. Ni usumbufu kidogo, siyo maumivu. Akanigeuzia skrini. Fibroidi ilikuwepo kweli: duara jeusi lenye kingo safi, na alipowasha Dopla, sehemu ya mashine inayoonyesha damu inavyotembea, damu ilionekana ikiizunguka. Lakini ilikuwa imeota kwa nje. Akakagua na ukuta wa kizazi kama una adenomiosisi, yaani utando wa ndani umeota hadi kwenye nyama ya ukuta, maana hiyo nayo huleta hedhi nzito na watu huiita fibroidi: ukuta hunenepa upande mmoja, kukawa na vifuko vidogo vya maji na mipaka isiyoeleweka. Hakuona dalili zake. Kisha akasimama kwenye alama nyeupe katikati ya utando, mshipa mmoja wa damu ukiingia ndani yake.

Hapo akafanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipitisha mpira mwembamba kwenye mlango wa kizazi, akaingiza maji safi ya chumvi huku anapiga picha. Tumbo lilikaza kama la hedhi. Maji yakatenganisha kuta mbili za kizazi, uwazi ukawa mweusi, na katikati kikatokeza kinyama cheupe kimening'inia kwenye kikonyo, kinayumba kila maji yanapoongezeka. Polipu! Milimita 11 tu, ndiyo iliyonikausha.

Ilitolewa kwa kamera nyembamba kupitia mlango wa kizazi, bila kupasuliwa tumbo, ikapelekwa maabara kwa sababu picha peke yake haithibitishi kwamba si saratani. Majibu yakarudi salama. Hedhi yangu sasa ni ya kawaida, damu imepanda, na kizazi changu ninacho. Fibroidi tumeiacha, tunaipima mara kwa mara. Kila ninapokwenda nabeba majibu ya zamani, na siondoki bila kuandikiwa idadi, ukubwa na mahali ilipo.