Ashiki Ndani ya Fremu: Kurekodi Watu Wanaotamaniana Bila Kuwagusanisha

Kanga ina pindo, mji na jina. Mwanamke anaweza kupita uani kimya, hajamtazama mtu, na jina la kanga likamchoma yule mmoja tu aliyekusudiwa. Anayetaka kupiga picha au filamu ya ashiki aanzie hapo. Kinachochokoza kinakaa ndani ya pindo, na mtazamaji ndiye anayelivuka pindo hilo kwa mawazo yake mwenyewe.

Video nyingi za mapenzi tunazotengeneza, za muziki na za filamu, zinakimbilia mguso. Dakika ya kwanza watu wameshakumbatiana, kamera imeshafika shingoni, na baada ya hapo hakuna pa kwenda. Filamu inayofundisha njia nyingine, na naipenda kwa moyo wote, ni In the Mood for Love ya mwongozaji wa Hong Kong, Wong Kar-wai, iliyotoka mwaka 2000. Tuko Hong Kong, 1962. Mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kila mtu na ndoa yake, wanapanga vyumba katika nyumba zinazopakana. Polepole wanagundua kwamba mume wa huyu na mke wa yule wanapendana kwa siri. Nyuso za hao wasaliti hatuonyeshwi. Tunapewa sauti na mgongo. Waliosalitiwa wanaanza kukutana, wanaigiza jinsi watakavyowakabili wenzi wao, na ndani ya maigizo hayo wao wenyewe wananaswa. Tukio la kitandani lilirekodiwa kweli, kisha Wong akalitoa wakati wa kuhariri. Ukiitazama ukiwa unajua hilo, utaona uzito wa kila mkono unaosita.

Tuanze na nafasi, maana humo ndimo kazi inapofanyika. Vichochoro vya zamani vya Hong Kong vilikuwa vimekwisha kubomolewa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mitaa ile ilirekodiwa Bangkok. Walitafuta wembamba. Watu wawili wakipishana kwenye ngazi pana, hakuna kinachotokea. Wakipishana kwenye korido ya sentimita 90, lazima mmoja ageuze bega, na bega hilo ndilo tukio lenyewe. Kama nyumba unayotumia ina korido pana, sogeza kabati au meza ukutani mpaka njia ibaki hivyo. Pima kwa futi kamba kabisa, usikadirie kwa macho, kwa sababu kwenye sentimita 120 watu hupishana bila kugeuka na shoti yako, yaani kipande hicho unachorekodi, inakufa.

Halafu umbali wa kamera. Watu husema lenzi ndefu "inawabana" watu pamoja, lakini kinachobana ni umbali wako. Chukua watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake kwa mita 1. Kamera ikiwa mita 1 kutoka kwa wa mbele, wa nyuma yuko mita 2, kwa hiyo ataonekana nusu ya ukubwa wa mwenzake. Rudi nyuma hadi mita 4: wa nyuma yuko mita 5, na sasa ukubwa wake ni asilimia 80 ya wa mbele. Ghafla wako karibu, pumzi kwa pumzi, ingawa hakuna aliyesogea. Lenzi ndefu ya milimita 85 au 100 inakuja baada ya hapo, kuijaza fremu kutoka ulipo. Kwenye simu tumia lenzi yake ya mara 2 au mara 3 kama ipo. Ukivuta kwa programu tu umbo la picha litakuwa lilelile, ila itakuwa na chembechembe, hasa usiku.

Sasa tia pindo. Piga kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, pazia, grili ya dirisha, bega la mtu mwingine. Kizuizi kifunike kati ya theluthi na nusu ya fremu. Kikiwa kidogo kuliko hapo kinaonekana kama kosa la kamera. Fungua tundu la lenzi hadi f/2 au f/2.8, yaani wazi sana, ili kizuizi kiyeyuke kuwa ukungu. Tatizo linalojirudia hapa ni fokasi: kamera ikiachiwa ijichagulie, inarukia grili, inarudi usoni, inarukia grili tena, na shoti nzuri inaharibika katikati. Zima fokasi ya kujiendesha, weka alama ya tepu sakafuni pale mwigizaji atakaposimama, upime kutoka alama hiyo. Kwenye simu bonyeza uso wa mwigizaji na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Simu haiyeyushi kizuizi kwa urahisi, kwa hiyo kiwe karibu sana na lenzi, sentimita 10 hivi.

Mwendo wa polepole una mtego wake huku kwetu, na video zisizohesabika zimeharibikia hapo. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa za tyubu na LED za bei nafuu humetameta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukirekodi fremu 60 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/120 ya sekunde, kila fremu inakamata kipande tofauti cha mmeto, na picha inapata mistari ya giza inayotembea. Rekodi fremu 50 kwa shata ya 1/100, kisha uicheze kwa fremu 25: mwendo unapungua nusu sawasawa na taa zinatulia. Simu yako ikikulazimisha 60, iache 60 lakini shata iwe 1/100, halafu upunguze kasi hadi karibu asilimia 42. Kumbuka kwamba shata ya 1/100 inaingiza nusu ya mwanga wa 1/50, basi ongeza taa ya pili au sogeza uliyo nayo karibu. Sauti ya shoti hizi haifai kitu. Rekodi kando dakika nzima ya ukimya wa chumba, kisha visigino, funguo, mvua, kila kimoja peke yake. Katika filamu ya Wong, mwendo huo unabebwa na muziki mmoja wa violini unaorudi na kurudi, alioutunga Shigeru Umebayashi kwa filamu nyingine ya mwaka 1991. Marudio yanafanya kazi kwa sababu mwanamke anapita ngazi zilezile akiwa amevaa gauni jingine. Magauni ni zaidi ya 20, na kila badiliko linatuambia siku zimepita na bado hawajagusana.

Ngozi nyeusi inataka uangalifu wake. Ukuta mweupe nyuma ya mwigizaji huidanganya kamera: inapunguza mwanga ili kuokoa ukuta, uso unazama. Chagua ukuta wa kijani, wa kahawia au mwekundu uliokolea, kisha pima mwanga kwenye shavu na uufunge hapo. Chanzo cha mwanga kiwe kikubwa na kikae ubavuni, mfano shuka jeupe linalopigwa na balbu moja, kwa sababu ngozi yetu huchorwa na mng'ao zaidi kuliko kivuli. Mafuta kidogo juu ya mfupa wa shavu yanatosha. Yakizidi yanageuka madoa meupe ambayo mhariri hawezi kuyaondoa.

Rangi za waridi na zambarau nazo zinapendwa siku hizi, na mfano mmoja ni Rafiki ya mwongozaji Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa rasmi kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2018. Ukiweka LED ya waridi kwa nguvu zote, ngozi inakuwa kama plastiki kwa sababu wekundu unajaa mpaka alama za uso zinapotea. Punguza ukolezi wa rangi hadi asilimia 60 au 70, ongeza mwanga mweupe hafifu upande wa pili, na usiiache kamera ijirekebishie rangi yenyewe.

Lakini Rafiki inafundisha jambo jingine kuhusu uchokozi. Kena na Ziki ni mabinti wa Nairobi wanaopendana, na baba zao wanashindana kwenye uchaguzi. Wanatazamana kutoka ng'ambo ya barabara, wanakaa juu ya paa, wanacheka. Ukihesabu ngozi iliyoonyeshwa, ni filamu ya staha kuliko video nyingi za muziki zinazochezwa mchana kwenye matatu. Hata hivyo, Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku, na Kahiu alieleza kwamba kilichowakera zaidi ni mwisho wake wenye matumaini. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Kwa hiyo anayepanga kazi ya namna hii asijidanganye kwamba kufunika mwili kunatosha kupita. Bodi husoma hadithi, na zaidi ya yote husoma nani anapewa furaha mwishoni. Mimi nasimama na mwisho ule.

Kabla ya siku ya kurekodi, kaa na waigizaji mezani mwandike: mkono utafika wapi, kwa sekunde ngapi, nani atakuwepo chumbani, nani ataona picha kabla hazijahaririwa. Mwigizaji akibadili mawazo asubuhi ile, karatasi inabadilika, na hakuna wa kumnung'unikia. Usimwambie mmoja amshtue mwenzake ili upate "uhalisia". Unachopata ni woga, na woga kwenye kamera haufanani na hamu hata kidogo.

Kwenye kuhariri, kata kabla vidole havijakutana. Wahariri wengi huweka mguso, kisha wanakata haraka kwa aibu. Afadhali uache mkono ukisita, uende kwenye uso wa mwenzake, halafu urudi kwenye korido wakiwa wameshaondoka. Fremu hiyo tupu iache sekunde nne kamili, na ile sauti ya visigino uliyoirekodi kando isikike ikishuka ngazi.