Nafuu ya ushuru kwa riba ya mkopo wa nyumba: si asilimia 15

Mwaka wa 2005, jopo lililoteuliwa na Rais George W. Bush kuchunguza sheria za ushuru za Marekani lilitoa pendekezo ambalo halikutekelezwa, lakini ambalo sisi tunaolipia mikopo ya nyumba hapa Kisumu tungefaa kulipima. Lilitaka anayeishi katika nyumba yake aache kuondoa riba kwenye mapato yanayotozwa ushuru, na badala yake apunguziwe ushuru wenyewe kwa asilimia 15 ya riba aliyolipa.

Tofauti huonekana kwenye hati ya mshahara. Tangu Desemba 2024, sheria yetu huruhusu riba ya hadi Sh360,000 kwa mwaka, yaani Sh30,000 kwa mwezi, iondolewe kwenye mapato kabla ya ushuru kukokotolewa. Awali kikomo kilikuwa Sh300,000. Mwalimu mkuu anayelipwa Sh120,000 kwa mwezi, ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake hutozwa asilimia 30, huokoa Sh9,000. Mkurugenzi anayepokea milioni moja hutozwa asilimia 35 katika sehemu hiyo, kwa hivyo riba ileile humwokolea Sh10,500. Anayebebwa zaidi, basi, ni yule aliyekwisha kujimudu.

Nafuu ya moja kwa moja ingewapa wote wawili kiasi kimoja, wala si jambo geni kwetu, kwa kuwa anayelipia bima ya maisha tayari hupunguziwa ushuru kwa asilimia 15 ya malipo yake, mradi nafuu hiyo isizidi Sh60,000 kwa mwaka.

Hata hivyo, kiwango cha Wamarekani tukikinakili kitatuumiza. Kwao, wengi wenye mikopo midogo hawakuwa wakinufaika na riba hata kidogo, kwa sababu huiondoa tu yule anayeorodhesha matumizi yake badala ya kuchukua punguzo la kawaida. Kwa watu hao, asilimia 15 ingekuwa faida tupu. Kwetu, kiwango cha asilimia 30 huanza pale mapato ya mwezi yanapopita Sh32,333, na sijui benki itakayomkopesha wa chini ya hapo pesa za kununulia nyumba. Asilimia 15 ya Sh30,000 ni Sh4,500, na mwalimu wetu angekuwa amepoteza nusu ya anachopata leo. Ninaunga mkono nafuu hiyo, lakini iwe asilimia 30, ili wa kati asipungukiwe na mkurugenzi arudishe Sh1,500 zake.

Nakiri kwamba tunazungumzia watu wachache, kwani mikopo ya nyumba katika benki za nchi nzima ni takriban 30,000. Huku kwetu wengi hujenga kidogo kidogo, leo lori la mchanga, mwaka ujao mabati, kwa mkopo wa Sacco uliosajiliwa kama wa maendeleo tu. Sheria ya Fedha ya 2025 ilipanua punguzo hilo hadi riba ya mikopo ya ujenzi, jambo ambalo kwa eneo hili naliona kubwa kuliko kupandishwa kwa kikomo. Lakini anayejenga Seme katika shamba ambalo hati yake ingali na jina la babu yake marehemu hana cha kuwekea benki dhamana, na nafuu ya asilimia yoyote itampita.

Wenye mikopo tayari wasisubiri mjadala huu uishe. Tangu Julai 2025, mwajiri analazimika kuzingatia punguzo hili anapokokotoa ushuru wa kila mwezi, kwa hivyo mpelekee mhasibu wenu barua ya benki inayoonyesha riba, kisha ukague hati ya mshahara unaofuata.